Samaki Wanaopita Kikula

Katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki inayosali nyumba kwa nyumba, mama yangu aliitwa "muntu wa katikati". Hawakusema hivyo kwa heshima. Alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi wa ziwa la Mwadingusha na kuwauza kwa mafungu sokoni Kikula, na walaji wa samaki hao waliamini kabisa kwamba anawanyonya damu.

Kazi yenyewe hawakuijua, wala hawakujisumbua kuuliza. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazae, na siku hizo nyumba za wavuvi hukauka kweli kweli. Hapo ndipo mama alipokuwa akipanda nyuma ya pikipiki na unga, chumvi, sabuni na dawa za homa, akawapelekea wake zao. Uvuvi ukifunguliwa, samaki wa kwanza walikuwa wake, tena kwa bei ya kindugu. Kule ziwani ndiyo desturi: samaki ni wa yule aliyekuja wakati hakuna samaki. Na sokoni, mwenye mgonjwa nyumbani aliongezewa samaki mmoja juu ya fungu, matabishi. Walipokea, wakashukuru, na njiani wakamsengenya kuwa ni mwizi.

Sikukuu ya somo wa shirika, mtakatifu wetu msimamizi, ilipokaribia, tulikutana kupanga chakula. Mwenyekiti wetu, karani mstaafu anayependa sana kusikia sauti yake mwenyewe, alisimama.

"Ba mama, mwaka huu tutakwenda siye benyewe kule ziwa, tukamate samaki kwa muvuvi direct. Juu ya nini muntu wa katikati akule faida yetu?"

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile pamoja nao.

"Papa," akasema taratibu, "mwende, haina mubaya. Lakini musipandishe bei. Mukipandisha leo, kesho mutarudia kule? Bale bantu bako na batoto, banangojaka muntu mwenye anarudia."

"Mama, unaogopa biashara yako tu," mwenyekiti akamjibu, na kicheko kikavuma nyumba nzima.

Nilitaka kusimama niwatukane wote. Mama akanishika goti, nikabaki nimeketi, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Wakakodi lori, wakaenda. Wavuvi walipowaambia kwamba samaki wana mwenyewe, wao wakapandisha bei, wakapandisha tena, mpaka wavuvi wakalegea. Siwalaumu wavuvi. Mtu mwenye watoto akionyeshwa fedha mkononi, atafanya nini? Lori likarudi likiimbiwa nyimbo za Bikira Maria.

Siku ya sikukuu, mke wa mwenyekiti alimletea mama sahani ya kwanza, samaki mzima, mnene, mwenye mayai.

"Kula, mama. Huyu hakupita kwa muntu wa katikati."

Alisema akitabasamu, na nadhani alijiona mwema. Mama alikula. Alimchambua samaki yule mpaka mifupa ikabaki myeupe, akanawa, akasema asante.

Baada ya sikukuu, hakuna aliyerudi ziwani. Nani aache kitanda chake alfajiri, akamezwe na vumbi la barabara ile, kwa ajili ya samaki wa jirani? Mama peke yake ndiye aliyekwenda. Wavuvi wakamwambia, kwa aibu, kwamba watu wa shirika lake walilipa zaidi na kuahidi kurudi, basi na yeye alipe kama wao. Hakuweza. Wavuvi wakawangoja watu wa shirika, samaki wakawaharibikia mikononi. Ndipo akatokea tajiri mmoja kutoka Lubumbashi na gari lenye barafu na nyavu mpya. Nyavu aliwagawia wavuvi wote, na tangu siku ile kila samaki ni wake. Gari lake linapita hapa kwetu bila kusimama, kama umeme unaozalishwa kwenye bwawa la ziwa lile lile unavyopita juu ya mapaa yetu kwenda migodini.

Mama alikaa nyumbani muda mrefu. Alizoea kuamka gizani, na kila alfajiri nilimsikia akitembeatembea uani, hana pa kwenda. Mwishowe alirudi sokoni. Sasa anauza samaki wa barafu wa makatoni, wale wanaotoka bahari ya mbali, ameegemeza katoni kwenye ukuta wa duka la mtu mwingine.

Juzi mke wa mwenyekiti alikuja na kikapu. Aliuliza bei, akashtuka.

"Mama, ni bei sana! Na matabishi haiko?"

"Haiko. Hawa samaki banafikaka kwangu tayari na bei yabo."

"Na ni nani anaiwekaka?"

"Sijue, mama. Mwenye katoni hii aliikamata kwa mwengine, na ule kwa mwengine tena, mpaka kule mayi ya chumvi. Ule mwenye kuweka bei, sijapata kumuona."

Mwanamke yule aligunaguna kidogo, akachagua wawili wadogo, akalipa. Hakumwita mtu yeyote mwizi.