Miwa Hadi Mlangoni

Mzee Jared wa Ndhiwa alirudi kutoka mkutano wa wakulima akiwa na habari njema kwa binadamu wote: sukari ndiyo iliyojenga ustaarabu. Kwa ajili yake miji mikubwa ilisimama na meli zikavuka bahari. Kwamba wengi waliokuwa ndani ya meli hizo walivuka wakiwa na minyororo shingoni, mgeni wa heshima aliyehutubia mkutano hakulieleza hilo. Chakula cha mchana kilikuwa tayari.

Basi Jared akang'oa mahindi, akang'oa viazi, akang'oa hata mboga za mkewe Phelesia, akapanda miwa hadi mlangoni.

"Sasa tutakula nini, Baba Cate?" mkewe akauliza.

"Maendeleo."

Miwa ikakomaa. Lori la kiwanda likawa linakuja wiki ijayo, kila wiki. Kisha sukari ikaadimika madukani, na mwenye shamba la sukari akawa anakunywa chai chungu, akiwaeleza majirani kuwa utamu ni mazoea mabaya.

Ndipo wakwe wakafika kutoka Isebania kumposa Cate, binti ya Jared. Phelesia alikuwa amezunguka soko zima asipate hata kijiko cha sukari.

"Waambie tuna kisukari," Jared akamnong'oneza jikoni.

"Sote?"

"Ni ugonjwa wa ukoo."

"Na huyo Cate wanayemtaka ni wa ukoo gani?"

Jared akakumbuka kwamba wageni wako peke yao sebuleni.

Phelesia akachukua panga, akakata miwa ya mlangoni, akaitwanga kwenye kinu na kuikamua kwa kitambaa. Chai ya kwanza aliitia maziwa, yakakatika. Akaimwaga nyuma ya nyumba huku machozi yakimlenga. Ya pili akaipika strungi, bila maziwa, kwa maji hayo ya miwa na tangawizi nyingi.

Mzee Maroa, baba ya kijana, akaonja. Akakiinua kikombe, akakitazama. Phelesia akatamani ardhi immeze.

"Mama, chai hii mmeifanyaje?"

"Ni mambo ya kitaalamu," Jared akadakia, akikohoa.

Mzee Maroa akaomba kikombe kingine, na maongezi yakaenda vizuri hata Cate akaacha kuchungulia dirishani.

Baada ya posa, Phelesia akaanza kuuza chai hiyo sokoni. Lori nalo likafika hatimaye. Dereva akaitazama miwa, akasema imekauka kupita kiasi, akageuza. Jared akaketi chini pale pale, kofia mkononi. Phelesia akaketi kando yake.

"Iliyo karibu na kisima bado ina maji," akasema. "Inanitosha kwa chai."

Siku hizi, ukinywa chai pale sokoni, Jared atakujulisha kwamba yeye ndiye mkurugenzi. Ni kweli. Mkurugenzi huamka alfajiri, akavua shati, akatwanga miwa.