Maji ya Kuogea Mapacha

Siku hiyo nilipotoka shule, harufu ya majani yaliyochemshwa ilinipokea mlangoni, chungu na nzito, ikafunika hata ile ya vichwa vya sangara tuliyoizoea Nyakato tangu viwanda vya samaki vifunguliwe. Mama alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, na bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Magu na furushi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kwa Wasukuma mapacha wana mambo yao: dawa zao, maji yao, nyimbo zao. Kanisani kwetu mambo hayo yalitosha kumpotezea mtu wokovu. Nikachungulia beseni. Maji yalikuwa ya kijani! Tangu hapo nikawa namtazama mama kwa jicho la pembeni, maana tulifundishwa kwamba aliyeokoka akianguka jina lake hufutwa mbinguni, na nilimpenda mama kupita kiasi.

Wala sikuwa peke yangu. Kina mama waliokuja kutoa hongera walimpakata mtoto, wakamnusa utosini, kisha wakatazamana. Mwishowe akaja Mzee Elikana, mzee wa kanisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye beseni.

"Mama Milembe, wewe si umeokoka?"

"Nimeokoka, mzee."

"Na maji haya?"

"Mwarobaini. Watoto wana vipele."

"Mwarobaini naujua, haunuki hivi. Kama ni mama mkwe wako kaleta mambo yake, sema tu. Arudi kwao, yaishe."

Bibi alikuwa uani anapeta mchele. Baba akajifanya anatafuta stesheni kwenye redio. Nami nikaomba moyoni, jamani mama, mtaje bibi, usiende motoni! Mama akavuta khanga begani. "Anayewaogesha ni mimi," akasema.

Basi akatengwa. Kwaya hakuna, Meza ya Bwana hakuna, akawekwa benchi la nyuma na mapacha wake. Ajabu, huko nyuma aliimba kuliko kwaya nzima, mpaka watu wakawa wanageuka. Nikazidi kumshuku: aliyepoteza wokovu anaitoa wapi furaha ile?

Siku hizi majani ya kuogeshea watoto yanauzwa sokoni kwenye chupa zenye picha, na wake za wachungaji wananunua. Doto mwenyewe ni mchungaji, anahubiri kwa vipaza sauti kwamba aliyeokoka hapotei kamwe. Mama alikwisharudishwa kundini, ila benchi la nyuma amekataa kulihama. Juzi baada ya ibada nilimkumbatia, nikashindwa kujizuia.

"Mama, bibi hayupo tena. Niambie kweli, ulikuwa mwarobaini?"

"Mzee Elikana aliniuliza hivyohivyo."

"Na wokovu wako, ulipotea?"

"Ungepotea, huku nyuma nilikuwa namwimbia nani?" Akajitoa taratibu mikononi mwangu, akanitazama. "Lakini wewe Milembe, mtu mzima mzima, mpaka leo bado unaninusa?"