Siku Tisa za Fomu ya Waya

Naandika haya nikicheka, lakini siku yenyewe ningepata tundu la panya ningeingia, na huu mwili wangu mnaoujua.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni Pap Onditi mara moja kwa wiki naona nimesafiri. Lakini nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, kwa hiyo kikundi chetu cha watu wenye ulemavu na jamaa zao kikanifanya sekretari, nami nikapata kazi ninayoipenda kupita zote, yaani kuhesabu siku za watu wengine nikiwa nimekaa. Nilibandika chati ya manila ukutani kwangu: jina la mtu, siku aliyochukua fomu ya kuomba huduma, siku aliyoirudisha imekamilika na sahihi ya daktari. Ukimaliza ndani ya wiki tatu nakupaka kijani, ukipitisha nakupaka nyekundu. Baba Felix, muuza samaki wa Katito ambaye mtoto wake haoni, alichukua siku arobaini (daktari alikuwa hapatikani, lakini nani alimuuliza?), nikamchorea kobe kando ya jina. Kila mkutano namsalimu, "Baba Felix, kobe ameamkaje?"

Sasa kuna Waya, shangazi yangu, dada ya baba, ninayeishi naye. Sukari ilimfanya akatwe mguu mwaka jana, na tangu hapo kanisa analisikia tu likiimba ng'ambo ya barabara. Alihitaji kiti cha magurudumu. Alhamisi ya kumpeleka kwa daktari Sondu ikafika, mawingu yakatanda, nyoyo yangu (mahindi na maharagwe) ikawa bado ngumu jikoni, nikasema, "Waya, twende wiki ijayo." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Maana jioni niliona haya sekretari kukosa kijani, nikajaza kabisa kwenye chati: siku tisa. Si ataenda tu? Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, na ile rangi ya kijani ikanitazama kila asubuhi mpaka mimi mwenyewe nikaiamini.

Kisha afisa wa huduma akatuma habari kwamba anatoka Kisumu kuja kuchukua fomu zilizokamilika, na orodha ya viti inafungwa Ijumaa saa sita. Wenzangu wakataka tukutane kanisani. Nikasema hapana, aje kwangu, chati iko kwangu (na viatu vyangu vya kutokea vinanibana).

Alhamisi watu wakajaa sebuleni. Afisa, ambaye sote tulimwita Madam, akaisoma chati, akafurahi mno. "Siku tisa! Niletee hiyo fomu nikawaonyeshe wenzangu."

Nikaenda kabatini kwa madaha. Hakuna. Chini ya godoro, hakuna. Jasho likaanza. Waya, kwenye kiti chake cha plastiki, akauliza kwa ile sauti yake ya kwaya, "Unatafuta karatasi yangu? Si ulimtandikia kuku?"

Macho yote yakageukia kwenye kona, kwenye katoni, ambamo kuku wangu alikuwa amelalia mayai. Nikaingiza mkono, akanidona, nikapiga yowe, akarukia begi la Madam, katoni ikapinduka na yai likapasukia viatu vyake. Nikaitoa fomu. Ilikuwa na jina la Waya, picha ya Waya, kinyesi, na pale pa daktari peupe kabisa.

"Sekretari," Madam akasema polepole, "hizi siku tisa ni za nini?"

"Za kuatamia, Madam," akajibu Baba Felix. "Bado kumi na mbili."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Waya hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Kwa hiyo kiti sipati?"

Mpaka hapo nilikuwa naona haya. Hapo sasa nikaona aibu.

Madam akafungua begi akatoa fomu mpya. "Daktari yuko leo. Kesho saa sita nafunga."

Baba Felix alishasimama. Tuktuk yake ya samaki ilikuwa nje. "Waya, wewe kaa mbele na mimi. Sekretari, nyuma, na makreti. Leo kobe ndiye dereva."

Nilifika Sondu na slipa za ndani, nanuka mbuta, na Waya akapata sahihi. Kesho yake asubuhi niliipeleka fomu Kisumu mwenyewe, mimi huyu, ikapokelewa saa tano na nusu.

Kiti kilikuja. Nimefuta tisa nikaandika arobaini na tano kwa nyekundu, na nimejichorea kobe mkubwa kuliko wa Baba Felix (alikagua mwenyewe, akadai kobe avalishwe slipa). Siku hizi sijazi tarehe ya mtu mpaka karatasi yenyewe iwe mkononi mwangu, na kuku analalia majani.

Lakini adhabu haijaisha, maana kiti kinataka msukumaji. Jumapili kanisani, Jumanne sokoni, siku nyingine kumsalimia mtu ambaye hata hamjui vizuri. "Nyathina (mwanangu), twende," ananiambia, mbingu ikiwa nyeusi tii, na nikithubutu kutaja mvua ananiuliza kwa upole, "Kobe ameamkaje?"