Nilivyomlainisha Pweza wa Madamu

Madamu wetu wa mazoezi ya kufundisha ni mtu wa bara. Juzi aliniagiza pweza wa kipindi cha sayansi cha siku ambayo mkufunzi wake wa chuo angekuja kumpima anavyofundisha. Hakusema awe hai, nami mtoto wa Kilwa nikajua kipindi ni kisingizio, anataka kitoweo. Nikampigiza mwambani mpaka akalegea, maana pweza asiyepigwa hatafuniki.

Mkufunzi alikaa nyuma. Madamu akafunua ndoo.

"Tazameni anavyobadilisha rangi."

Rangi ileile. Akamgusa kwa rula.

"Nani kamuua?"

"Nimekulainishia, Madamu. Hapo bado nazi tu."

Darasa likacheka kuliko lilivyowahi kucheka mizaha yangu yote. Mkufunzi akaandika. Madamu akageuka, akaanza kufuta kichwa cha somo ubaoni: Sifa za Viumbe Hai.