Mama wa Mizani

Kila kiangazi, msafara wa kanisa unapojiandaa kutoka Tennessee kwenda kwa watoto yatima wa Guatemala, mwenye mizani ni mama yuleyule. Huvaa fulana ya njano ya msafara kama wenzake, ingawa hajawahi kupanda ndege. Hukandamiza sanduku kwa goti mpaka zipu ikubali, huomba huku jicho moja likiuchungulia mshale, na uzito ukizidi hana simile: midoli nje, siagi ya karanga nje! "Ndege haijui sadaka, mwanangu," alimwambia Lacey, aliyekuwa hatulii kwa furaha ya safari yake ya kwanza.

Leo masanduku yote yalipokwisha kupimwa, Lacey aliona moja limebaki chini ya meza, limefungwa kwa tai kuukuu. "Hili la nani tena?" Mama akaruka kama msichana. "Langu! Mwaka huu naenda!" Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Wakalipandisha mizanini, likazidi. Kulifungua, wakakuta midoli yote na siagi yote aliyoitoa kwenye masanduku ya wenzake, na juu yake magauni yake mawili.

"Ndege haijui sadaka, mama!" Lacey akamtania.

"Najua, wee!" Akayachomoa magauni, akayatupa mezani, kisha akaivuta fulana yake ya njano. "Hii nitaifua kila jioni, asubuhi naivaa."