Sare Haivuliwi Kabla ya Swali Moja

Nakumbuka Jumamosi moja kule Gatwekera, mtaa wetu wa mabanda, nikiwa kidato cha tatu, nyanya yangu alisimama mbele ya ukuta wetu wa udongo akaisoma ratiba yangu ya masomo kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma ilani ya kufukuzwa nyumba. Sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu. Huyu Susu wangu alikuwa ametoka Kitui kuja kukaa nasi, na hakuwa mtu wa kufoka. Alikasirika polepole, na afadhali angefoka.

"Saa kumi alfajiri, fizikia," alisoma. "Saa kumi na moja, hesabu. Saa kumi na mbili, kuoga na kunywa chai." Akanigeukia. "Mwende, hii chai inapikwa na nani?"

Nikainama kuokota kalamu zangu.

"Na saa kumi alfajiri mama yako anakaanga mandazi hapa hapa. Wewe utasomea wapi? Ndani ya karai?"

Wadogo zangu walicheka mpaka wakaangukiana kitandani. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Ngoja nikueleze, mwanangu uliye shuleni leo, ratiba ile ilitoka wapi. Binamu yangu Mutinda alikuwa shule ya bweni huko Machakos, na alipata alama nzuri sana. Alipokuja likizo alikuwa na ratiba ya bweni lao, nami nikaamua kwamba akili zake zimo humo. Nikainakili yote, mpaka kengele ya kulala. Kengele! Sisi tuliishi watu sita katika chumba kimoja, na redio ya jirani tuliisikia kama yetu, ila tu hatukuweza kuizima. Kwa ratiba ile niliwaamrisha watoto wanyamaze, nikamgombeza mama kwa kukoroga unga kwa kelele, na mara moja nikaenda kumwambia jirani apunguze redio. Jirani akaniuliza kama ninalipa kodi ya pande zote mbili za ukuta.

Na sikuwa nafanya mchezo. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Barasa, alikuwa ametuambia wazi kwamba darasa lake limejaa watu wanaopasha madawati moto. Atakayekosa nusu ya alama katika mtihani wa mwisho wa muhula ataacha fizikia na kuchukua somo lingine. Mimi nilitaka kwenda chuo cha ufundi nisomee umeme. Bila fizikia hakuna chuo, na bila chuo sikujua kitu kingine chochote nilichokitaka hapa duniani. Nilijua hilo, nililala nalo, niliamka nalo. Ila sikuamka saa kumi.

Hapo ndipo palikuwa na ugonjwa wenyewe. Kila niliposhindwa kuamka saa kumi nilisema wiki imeshaharibika, nitaanza upya Jumatatu. Jumapili jioni nakaa chini na kalamu za rangi, nachora ratiba mpya. Fizikia nyekundu, hesabu buluu, Kiswahili kijani. Ikipendeza, moyo unatulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kusoma. Jumatatu ikifika nalala, Jumanne nasema wiki imeharibika.

Na usinicheke wewe. Juzi nilikuwa mtaani Riruta Satellite, nikamwuliza Faith, mjukuu wangu aliye gredi ya kumi, kama amesoma. Akanifungulia simu. "Cheki, shosh, nimepanga life yote. Hii app ni noma. Naanza Monday." Ratiba ina rangi nyingi kuliko zangu zote, na inalia kengele yenyewe! Nikamwuliza, je, leo umesoma nini? Akaniambia leo ni Alhamisi. Mwanangu, nilikunywa chai yangu nikaondoka, kwa sababu ningekaa pale ningesema maneno ambayo mtu wa kanisa hasemi.

Turudi Gatwekera. Susu alimaliza kusoma akaniuliza, "Tangu ubandike hiki kitu umefanya maswali mangapi?"

"Bado napanga, Susu."

"Unapanga." Akatikisa kichwa. "Haya niambie, nyumba hii inanyamaza saa ngapi?"

"Hainyamazi."

"Umezaliwa humu na hujui! Mimi nina mwezi mmoja tu hapa na najua. Shule zikifungwa jioni, hawa wadogo wanatoka nje kucheza. Mama yako bado yuko steji ya Olympic na biashara yake. Huyu wa redio hajarudi kutoka kazini. Mimi hukaa hapa peke yangu nasikia mpaka kuku wa watu wakikwaruza. Wewe wakati huo uko wapi?"

Nilikuwa Olympic, mwanangu. Kila jioni nikitoka shule nilisimama pale barabarani na wenzangu, Akinyi na wengine, tukizungumza mpaka jua lielekee kuzama. Tulikuwa tunazungumzia nini? Mtihani! Tulikuwa tunaelezana jinsi tusivyo na wakati wa kusoma.

Susu hakungoja jibu. Aliibandua ratiba, akaikunja mara mbili, akaichomeka chini ya makaa akawashia jiko. Fizikia nyekundu, hesabu buluu, yote ikawa moto wa kupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nililia kwa hasira.

"Ukimaliza kulia," alisema, "nikwambie sheria yangu. Ni moja tu, haihitaji rangi. Ukirudi kutoka shule, hutavua sare kabla hujafanya swali moja la fizikia mpaka mwisho."

Pengine unaiona ni sheria ndogo. Ngoja uelewe. Nilikuwa na shati moja la shule. Kila siku lilifuliwa nikifika tu nyumbani ili lishike jua la mwisho, kisha lilale juu ya kamba karibu na jiko. Nikichelewa kulivua, halikauki. Mama aliposikia akapinga. "Mama, mtoto ataenda shule na shati bichi!"

"Ataenda nalo," alisema Susu. "Mwili wake utalikausha."

Jumatatu hiyo nilirudi moja kwa moja. Nikakaa kwenye kigoda na swali la mkondo wa umeme. Lilinishinda mstari wa tatu. Nikalitazama. Jua likashuka. Susu alikuwa amesimama karibu na karai la kufulia, mikono kiunoni.

"Lete shati."

"Bado, Susu."

"Swali limekataa?"

"Limekataa."

"Limekataa wapi?"

Hakujua fizikia, na hakujifanya anaijua. Lakini swali hilo lake lilinikera, maana sikuwa nimewahi kujiuliza. Siku zote nilisema fizikia ni ngumu, basi. Nikamwonyesha mstari. "Haya, weka alama hapo," akasema. "Kesho ukamwulize mwenyewe. Sasa lete shati, ingawa tumechelewa."

Tulikuwa tumechelewa kweli. Asubuhi nilivaa shati baridi likanishika mgongoni kama mkono wa maiti. Akinyi aliponiona mlangoni mwa darasa alipiga kelele, "Wee Mwende! Kwani jana mvua ilinyesha kwenu peke yenu?" Darasa zima likacheka. Lakini aibu ilinipeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Barasa, kwa sababu sikutaka kuvaa shati bichi siku mbili mfululizo.

Mwalimu alitazama ile alama yangu. "Wenzako huja hapa kuniambia hawaelewi fizikia," alisema. "Hiyo siwezi kuitibu. Wewe unaniambia huelewi mstari wa tatu. Huo naweza." Akanieleza kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuchora kichwa cha ratiba.

Jioni yake nilimaliza swali jua likiwa bado juu. Shati likakauka. Baada ya siku chache nikaanza kufanya maswali mawili, si kwa sababu niliambiwa, ila kwa sababu nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda na la pili lilifanana na la kwanza. Kuna siku mdogo wangu alishikwa na homa, nikambeba zahanati, sikufanya swali lolote. Usiku nikamwambia Susu kwamba basi, wiki imeharibika, nitaanza Jumatatu.

"Jumatatu ina nini?" aliniuliza, na safari hii alifoka. "Kesho ni Alhamisi. Haina jioni? Mtu akikosa chakula cha mchana, husema atakula wiki ijayo?"

Nikafanya swali Alhamisi.

Mtihani ulikuja. Sitakudanganya kwamba niliongoza darasa. Kuna maswali niliyoyaacha wazi, na nilitoka chumbani nikijihesabia alama kwenye vidole na kupata jibu jipya kila mara. Likizo ile nzima sikujua kama bado nina fizikia. Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu Barasa alisimama na karatasi akaanza kusoma majina ya wanaotoka. Alisoma jina la Akinyi. Alisoma majina mengine, na mengi yalikuwa ya wale tuliosimama nao Olympic. Mimi nilikuwa tayari nimesimama karibu na mlango na mfuko wangu, ili nisionekane nikitembea darasa zima. Alikunja karatasi, akanikuta nimesimama.

"Wewe Mwende unangoja gari hapo? Keti tuanze."

Nikaketi. Leo ninatengeneza mota za pampu za maji hapa Kawangware, na sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kuliko lile neno keti.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimechoka kulisema hili kila mtaa. Ratiba ya mtu mwingine ni ya nyumba ya mtu mwingine. Kaa kwenu usikilize: nyumba yenu inatulia lini, na wewe wakati huo unakuwa wapi? Kama haitulii kabisa, uliza kama darasa lenu linabaki wazi jioni, au kanisa, au kwa shangazi asiye na watoto. Ukipata hiyo nafasi, weka ndani yake kitu kidogo ambacho huwezi kukikwepa bila kujionea haya, na ukifunge kwenye jambo ambalo lazima ulifanye kila siku. Mimi nilikifunga kwenye shati. Wewe kifunge kwenye chai, au kwenye ile simu: isifunguliwe kabla ya swali. Ukikwama, jua umekwama wapi, na kesho mwulize mwalimu hapo hapo, usimpelekee somo zima. Ukikosa siku moja, umekosa siku moja. Usiitupe na wiki. Na hizo rangi, mwanangu, zipeleke kwa mtoto wa nasari aliye na kazi nazo.

Nimekukaripia kwa sababu nakuona unaweza. Asiyeweza huwa nampikia chai tu. Basi Mungu akupe jioni tulivu hata katika ploti ya vyumba vya kupanga yenye redio kumi, akupe mtu wa kukuuliza umekwama wapi, akupe mwalimu mwenye subira na kichwa kisichokata tamaa, na siku majina yatakaposomwa, akukute umeketi mahali pako.