Mlango wa Mama Niliupaka Buluu

Macho ya mama yalipoanza kufifia, alikihama chumba chake katika nyumba yetu ya Timbwani, akawa analala sebuleni. Kuta zote zilikuwa nyeupe na milango pia nyeupe, na kila alipotaka kutoka chumbani alijigonga ukutani kwa kutouona mlango.

Sikuwa nimewahi kupaka rangi hata kiti. Jumamosi moja nikanunua msasa, burashi na kopo la rangi ya buluu iliyokoza, nikaanza kuusugua mlango wake pamoja na fremu. Mama alikuwa ameketi mkekani akisikiliza.

"Waniharibia mlango wangu?" akauliza.

"La, mama. Nataka uuone."

Rangi ilinitiririka hadi viwikoni, na upande mmoja ukatoka na michirizi ambayo sikuweza kuiondoa. Nikapaka na mbao za kitanda chake.

Rangi ilipokauka, nilimwita. Alisimama katikati ya sebule, akageuza kichwa polepole, kisha akatembea moja kwa moja bila kupapasa, akapita mlangoni na kuketi kitandani.

"Niletee mto wangu," akasema. "Na kesho, inshallah, unipakie na mlango wa choo."